Jinsi ya kusafisha na kupima breki ya hoisti bila kula vumbi lake

Naongelea zile breki za springi kwenye hoisti, yaani mashine ya kunyanyua mizigo, stima ikikatika zinafunga zenyewe. Hapa Industrial Area nafungua kama hizo kila wiki, na lile vumbi jeusi ndani ni lainingi (ile sehemu ya breki inayosuguana) na chuma zimesagika, sio uchafu wa kawaida.

1. Shusha mzigo mpaka sakafuni, ndoano ibaki tupu kabisa, maana ukilegeza breki na kitu kinaning'inia kinakuja chini chote. Zima stima, piga kufuli, funguo iwe mfukoni mwako wewe. Ngoja ipoe.

2. Vaa maski ya N95. Ya kitambaa haizuii kitu hapa.

3. Toa kava polepole, na tafadhali kompresa iache pembeni. Mimi nilipuliza miaka mingi, fyuu na kwisha, mpaka siku moja jua likawa linapenya tundu la mabati, nilikuwa nimepuliza saa nne na saa saba vumbi bado linaelea kwa ule mwanga, na kijana wangu wa spana amekaa hapo chini anakula chapo madondo. Chembe ya mikroni 1 inachukua masaa kushuka, na ndiyo inafika ndani ya mapafu. Tumia kitambaa kilicholowa kidogo, usimwagie maji koili (ile sumaku ya stima inayoachia breki), kisha funga kitambaa kwa mfuko utupe. Vakyumu ya nyumbani inatoa vumbi laini kwa nyuma, labda iwe na filta ya HEPA, ile inanasa vumbi laini. Mashine ya zamani chukulia lainingi ina asbesto, kwa macho huwezi jua, na hapo N95 haitoshi, inatakiwa maski ya filta za P100.

4. Pima gepu, yaani nafasi kati ya koili na sahani inayovutwa, na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), sehemu tatu kuzunguka. Nyingi ndogo zinaanza 0.2 mpaka 0.4 mm lakini fuata kitabu cha mashine yako. Lainingi ikilika gepu inapanuka, koili inashindwa kuvuta sahani vizuri, breki inaburuta, inachemka, gundi ya lainingi inaanza kuungua na hapo inatoa chembe ndogo zaidi ambazo hata huzioni. Kwa hivyo ukiona vumbi limezidi, kabla hujalaumu lainingi feki rekebisha gepu kwanza.

5. Lainingi ikiwa na oili, badilisha, usijidanganye na petroli.

6. Rudisha kava, washa, sikiliza ile "tak" ya kuachia. Jaribu tupu, halafu na mzigo nusu futi tu kutoka chini. Ovaroli ibaki kazini, usipande nayo matatu.