Kupata spora za bakteria na kuzipaka rangi

Bakteria aliyeshiba hatengenezi spora, yaani chembe yenye ganda gumu ya kuvumilia njaa na joto. Anayepaka rangi vimelea vilivyooteshwa saa 12 tu asipoona spora, asiilaumu rangi: chakula kilikuwa bado kingi. Kikiisha, bakteria aitwaye Bacillus subtilis hujigawa sehemu mbili zisizolingana. Kubwa huimeza ndogo, huivika tabaka baada ya tabaka, mwishowe hupasuka na kuiachia. Kwa nyuzijoto 37 kazi hiyo huchukua saa 7 hadi 8, ila bakteria hawaianzi wote pamoja.

Kwa hiyo pandikiza bakteria hao kwenye agari ya virutubisho (rojo iliyoganda ya kukuzia bakteria) iliyotiwa salfeti ya manganizi miligramu 10 kwa lita (manganizi ikikosekana spora huwa haba), uache saa 48 hadi 72. Ukingoja zaidi utakuta spora nyingi zimeshatoka ndani ya seli.

Changanya vimelea kidogo sana na tone la maji kwenye slaidi, tandaza, acha pakauke, kisha pitisha slaidi juu ya mwali mara tatu. Funika kwa kipande cha karatasi ya kuchujia, mwagia rangi ya kijani ya malakaiti ya asilimia 5, weka juu ya mvuke dakika 5. Hapa usibanduke. Ganda la spora halipitishi rangi bila joto, na rangi ikikauka huacha chembe za kijani zinazodanganya macho. Ongeza matone kila inapopungua, wala isitokote. Vaa glavu na fanyia penye hewa, maana malakaiti ni sumu.

Slaidi ipoe kwanza, la sivyo kioo kitapasuka kwa maji baridi. Suuza sekunde 30. Maji matupu yanatosha kuing'oa rangi kwenye seli za kawaida. Tia rangi nyekundu ya safranini ya asilimia 0.5 kwa dakika 1, suuza, kausha, tazama kwa hadubini, lenzi ya mafuta ya x100.

Spora huwa kijani, seli nyekundu. Kila kitu kikiwa kijani, hukusuuza vya kutosha au ulitandaza nzito. Daima paka na bakteria Escherichia coli pembeni kwa kulinganisha: hana spora, hivyo lazima awe mwekundu mtupu.

Ukitaka kuzihesabu, pasha vimelea vilivyochanganywa na maji nyuzijoto 80 kwa dakika 10, kisha pandikiza. Seli za kawaida hufa kwa joto hilo, hivyo kitakachoota kimetoka kwenye spora. Sahani zilizotumika usizisafishe kwa spiriti, haiui spora. Zipitishe kwenye mvuke wa shinikizo, nyuzijoto 121, kwa dakika 15 au zaidi.