Kama unaandaa tuzo za mitandao mtaani kwenu

Mwaka jana niliteuliwa kuwania tuzo ya ukurasa bora wa jamii hapa Tanga. Ukurasa wangu ni wa maji: bamvua linaanza lini, maji yanakupwa saa ngapi, samaki wanauzwaje soko la Deep Sea asubuhi hiyo. Wafuasi 1,900, wengi wavuvi na mama lishe. Aliyeshinda ana wafuasi karibu laki moja na anaposti vichekesho vya kunakili. Sina ugomvi naye. Ila ukibadilisha laini tu, unapiga kura tena. Mdogo wangu, fundi simu, alinipigia 14 kabla ya chai. Nikamwambia aache. "Dada, wenzako wote wanafanya hivyo!"

Mwaka huu tukaandaa za kwetu. Kilichotufaa ni hiki.

Usimwulize mpiga kura nani bora. Mwulize ni posti gani ilimsaidia, na ilimsaidia nini. Kila kura ije na kiungo cha posti moja na sentensi moja. Za "mpigieni mwanetu" zinapungua zenyewe, maana mtu hana cha kuandika. Mvuvi mmoja wa Sahare aliandika: "Nilishapakia nyavu, nikasoma kusi ni kali, nikarudi kulala." Kura kama hiyo unaijua ukiiona.

Makundi yapange kwa kazi. Ukiweka "Instagram bora" umeshampa mwenye wafuasi wengi. Weka "aliyetuwahisha habari ya maji kukatika".

Halafu majaji, na hapa ndipo penye jasho. Tafuta watatu wasio na ukurasa wowote. Sisi tulipata mwalimu mstaafu, mchuuzi wa samaki na kijana wa steshenari. Chapa posti zilizofika fainali kwenye karatasi, ufiche majina na idadi ya waliopenda. Nilikaa saa tatu nafunika majina kwa karatasi ya gundi, na bado jaji mmoja alimtambua mtu kwa makosa yake ya herufi! Kila jaji apange posti tano: ya kwanza pointi 5, ya mwisho 1, kisha mjumlishe. Hesabu hii ni ya zamani. Jean-Charles de Borda, Mfaransa aliyekuwa mwanahesabu na mwanamaji, aliipendekeza karne ya 18.

Kura za watu msizitupe. Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, lilikuwa na malalamiko kwamba majirani wanapigiana kura, na mwaka 2009 fainali yake ikarudisha majaji, nusu kwa nusu na kura za simu. Nasi tulikata hivyohivyo.

Matokeo yote yatoke siku ileile, hata ya aliyepata sifuri.

Na tafadhali, usimuuzie mteule meza. Mimi nilitumiwa ujumbe kuwa meza ya watu kumi ni laki tano na "wateule wanatarajiwa kushiriki". Sisi tulikutana shuleni Jumamosi, chai na kashata, zawadi bando la mwezi. Aliyeshinda ana wafuasi 340. Anaandika dawa zipi zimefika zahanati.

Mwandaaji asishindane. Jina langu nililitoa mapema, kwa kuwa mimi ndiye niliyefunika ya wenzangu. Mdogo wangu alinuna siku mbili. Alishakusanya laini tisa.