SOMO: Kutoa maandishi matupu kwenye faili za Word, ODT na PDF kwa amri (soma lote kabla ya kuuliza)

Tangu msimu wa korosho ufunguliwe nimeulizwa jambo hilihili kila wiki: "Nina folda limejaa faili za Word, nataka maneno tu, nifanyeje?" Nimelijibu dukani, kwa simu, hata kwenye foleni ya benki. Leo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nina steshenari hapa Chikongola, Mtwara. Flashi nyingi zinazoletwa kwangu ni za vyama vya msingi: mihtasari ya vikao, orodha za wakulima, barua za ghala. Katibu anataka kujua ni kikao kipi kilipitisha makato ya magunia. Kufungua mihtasari ya miaka sita mmoja mmoja kunakula siku nzima. Ikishakuwa maandishi matupu, amri moja ya `grep` inakutajia faili husika papo hapo. Faida ya zoezi lote ni hiyo.

Hatua ya 1. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri). Wa Windows, andika `wsl --install`, washa upya mashine, utapata Ubuntu (aina ya Linux) ndani yake.

Hatua ya 2. Weka vifaa:

`sudo apt install pandoc antiword poppler-utils`

Hatua ya 3. Fanya kazi kwenye kopi, si kwenye flashi ya mtu: `cp -r mihtasari kazi && cd kazi`

Hatua ya 4. Andika `file *` uone kila faili ni la aina gani hasa. Jina halitoshi. Faili nyingi za zamani zimeandikwa .doc, kumbe ndani ni RTF, aina nyingine ya faili la maandishi.

Hatua ya 5. Geuza. Hapa tulieni, maana ndipo nilipoharibu.

Za docx (Word ya 2007 kuja huku):

`for f in *.docx; do pandoc --wrap=none -t plain "$f" -o "$f.txt"; done`

Za odt (za LibreOffice), amri ni hiyohiyo, badilisha .docx iwe .odt. Za doc za zamani, pandoc haizisomi kabisa, tumia antiword:

`for f in *.doc; do antiword -w 0 -m UTF-8.txt "$f" > "$f.txt"; done`

Za PDF:

`for f in *.pdf; do pdftotext -layout "$f" "$f.txt"; done`

Angalieni jina la faili linalotoka: `"$f.txt"`. Orodha.docx inakuwa Orodha.docx.txt. Najua halipendezi, na kila mtu anataka kulifupisha liwe Orodha.txt. Mimi nililifupisha. Kwenye folda la chama kimoja kulikuwa na Orodha.doc na Orodha.docx, moja ya wanachama kabla ya uhakiki, nyingine baada yake. Zote mbili zikaandikwa Orodha.txt. Ya pili ikaifuta ya kwanza, bila onyo lolote, kwa sababu kompyuta ilifanya nilichoiambia. Flashi ilikuwa imejaa, nikafuta za asili nikiamini nina kopi safi. Wiki mbili baadaye katibu akaja kutafuta majina ya zamani. Hayapo. Tuliyaandika upya kutoka kwenye karatasi iliyokuwa kabatini kwake, majina mia tatu na kitu, usiku mbili, na umeme ulikatika mara tatu. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo: usifupishe jina. Usifute faili la asili hata kama la maandishi umelisoma mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu picha, mihuri na saini haviji. Usiondoe alama za nukuu kwenye `"$f"`, la sivyo faili linaloitwa "Kikao cha Machi.docx" litasomwa kama mafaili matatu yasiyokuwepo.

Na `--wrap=none` si pambo. Bila hiyo pandoc inakata mistari kwenye herufi ya 72, na ukitafuta "mkutano mkuu" hutaupata pale "mkutano" ulipobaki juu na "mkuu" ukashuka chini.

Hatua ya 6. Kagua: `wc -w *.txt | sort -n`. Zenye maneno sifuri zitatokea juu. Kama zimetoka kwenye PDF, hizo ni picha za skani, hazina herufi ndani. Nimelieleza chini.

Hatua ya 7. Sawazisha alama ya ng'. Word ikimwona mtu anaandika ng' huibadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti moja na iliyopinda ni baiti tatu. Niliwahi kutafuta "Ng'apa" kwenye barua za Lindi nikapata mistari minne, wakati kwenye karatasi jina limejaa kila ukurasa. Dawa:

`sed -i "s/[‘’]/'/g" *.txt`

Sasa tafuta: `grep -il "makato" *.txt`

Basi. Maswali.

---

Wa Masasi: Mkuu nimefanya inakataa.

Jibu: Inakataa kwa maneno gani? Nakili ilichoandika, weka hapa.

Wa Masasi: Inasema tu error. Si unitumie programu moja ya kubonyeza.

Jibu: Siwezi kutibu "error". Nakili mstari mzima.

Wa Masasi: "is not a Word Document. It is probably a Rich Text Format file"

Jibu: Imekujibu yenyewe: faili ni RTF. Hatua ya 4 uliiruka. Tumia `pandoc -f rtf -t plain --wrap=none faili.doc -o faili.doc.txt`.

Wa Mtwara mjini: Kwa nini usifungue Word ukahifadhi kama maandishi? Unawatesa watu na amri.

Jibu: Faili moja, fungua Word, hata mimi hufanya hivyo. Juzi nililetewa 214. Anayeona ni mateso asifuate somo.

Mwalimu, Newala: Habari za kazi ndugu. Kwenye mashine ya shule sina ruhusa ya kuweka programu, lakini ni Linux. Kuna njia ya kusoma docx bila pandoc?

Jibu: Nzuri, mwalimu, na swali lako limenifurahisha. docx si faili moja, ni zipu. Jaribu `unzip -l mtihani.docx` uone yaliyomo: picha zimekaa word/media, maneno yamekaa word/document.xml. Kila aya inafungwa na alama `</w:p>`. Tunaigeuza alama hiyo kuwa mstari mpya, kisha tunafuta alama zote zilizobaki:

`unzip -p mtihani.docx word/document.xml | sed 's#</w:p>#\n#g; s/<[^>]*>//g' > mtihani.docx.txt`

Majedwali yatavurugika, kila seli itashuka mstari wake, na alama ya & utaiona imeandikwa `&amp;`. Kwa maswali ya kawaida inatosha kabisa. odt nayo ni zipu, humo tafuta content.xml.

Mwalimu, Newala: Imekubali! Nimeziona na picha za mchoro wa moyo kwenye word/media. Ahsante sana.

Jibu: Hizo picha zitoe kwa `unzip mtihani.docx 'word/media/*'`. Zinatoka na ubora uleule zilionao ndani ya faili.

Katibu, Nachingwea: Shikamoo. Barua zetu za zamani zote ni skani. Zimetoka tupu kama ulivyosema.

Jibu: Marahaba. Hizo zinahitaji programu ya kusoma herufi kwenye picha. Tesseract inayo data ya Kiswahili:

`sudo apt install tesseract-ocr tesseract-ocr-swa`
`pdftoppm -r 300 -png barua.pdf uk`
`for p in uk-*.png; do tesseract "$p" "$p" -l swa; done`

Ile 300 usiishushe, herufi ndogo zitapotea. Na nakuomba kwa dhati: maneno yaamini kiasi, tarakimu usiziamini. Muhuri ukikaa juu ya namba, 8 inaweza kusomwa 3. Kilo za mkulima ni pesa zake, zilinganishe na karatasi moja moja.

Katibu, Nachingwea: Na orodha za Excel?

Jibu: Hapo unahitaji LibreOffice, ni nzito, subiri bando la usiku. `soffice --headless --convert-to csv orodha.xlsx`. Inatoa csv, yaani orodha kwa maandishi matupu, ya karatasi ya kwanza tu ya kitabu. Funga kwanza madirisha yote ya LibreOffice, maana likiwa wazi amri inaweza kumaliza kimya bila kutoa kitu. Pia yenyewe inakufupishia jina la faili, kwa hiyo kila aina ipe folda lake kwa `--outdir`.

Wa Masasi: Imekubali ile ya RTF. Samahani kwa haraka.

Jibu: Hakuna shida.

Wa Kilwa: Mimi nina simu tu. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana. Weka Termux (terminali ya simu za Android) kutoka F-Droid, duka la programu huria, kisha `termux-setup-storage` uipe ruhusa ya kuona mafaili yako, halafu `pkg install poppler unzip`. PDF zitasomeka kwa pdftotext, na docx tumia ile njia ya mwalimu wa Newala hapo juu. Kwa kusoma kwenye kioo kidogo kata mistari bila kukata maneno: `fold -s -w 40 barua.pdf.txt | less`. Kutoka, bonyeza q.