Kata brokoli kwanza, subiri, ndipo upike

Ukishakata brokoli vipande vidogo, iache kama dakika 40 kabla ya kuiweka motoni. Kisu kinapopasua chembe za mboga, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho mirosinasi hukutana na glukorafanini, kiambata cha asili kilichomo kwenye brokoli, na kuzaa salforafani, kemikali ambayo katika maabara huamsha kinga za chembe dhidi ya sumu zinazoharibu DNA (vinasaba), uharibifu unaoweza kuleta saratani. Moto ukitangulia, kimeng'enya huharibika na salforafani hupatikana kidogo sana. Umeshaipika? Nyunyizia unga wa mbegu za haradali mbichi, nao una mirosinasi.

Ila hiki ni chakula, si dawa ya saratani, na tafadhali usikimbilie vidonge vya virutubisho ukidhani ni kitu kilekile. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini (kirutubisho cha rangi kilichomo kwenye karoti) wakipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa! Na kama uko kwenye matibabu, mwambie daktari kila kidonge cha mitishamba unachomeza, hata juisi ya balungi, kwa kuwa hubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa kwenye damu.