Jinsi ya kutenga athari za mawingu katika mabadiliko ya mwanga wa jua jijini Nairobi

Katika sehemu nyingi za Ulaya, mwanga wa jua unaofika ardhini ulipungua kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, kisha ukaanza kuongezeka. Mabadiliko ya aina hii hutokana hasa na mawingu na chembechembe za moshi na vumbi zinazoelea angani. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kuvitenga viwili hivyo ninaposhughulikia takwimu za Nairobi.

Hatua ya 1: Kagua kifaa kabla ya kukagua anga. Kuba la kioo la piranomita, yaani kifaa kinachopima mwanga wa jua unaofika ardhini, likishika vumbi, kipimo hushuka hata kama mawingu hayajaongezeka. Tafuta tarehe ambazo kifaa kilikalibrishwa (yaani vipimo vyake vililinganishwa na kifaa sanifu), kilihamishwa au kilibadilishwa, na utilie shaka mruko wowote unaoangukia tarehe hizo.

Hatua ya 2: Kwa miaka isiyo na piranomita, tumia saa za jua zilizorekodiwa kwa kifaa cha Campbell-Stokes, ambacho tufe lake la kioo huunguza kadi jua linapowaka. Gawanya saa hizo kwa urefu wa mchana, zidisha kwa 0.50, kisha ongeza 0.25, hiyo ndiyo sehemu ya mwanga wa juu ya angahewa inayokadiriwa kufika ardhini. Siku ya Julai yenye saa 3 za jua kati ya 12 hupata 0.375, na kwa kuwa juu ya angahewa huwa na takriban megajuli 33 (kipimo cha nishati) kwa kila mita ya mraba kwa siku, ardhini hufika kama 12.4. Siku ya Januari yenye saa 9, mwezi ambao mwanga wa juu ya angahewa ni mwingi zaidi, hufikisha takriban 23. Kumbuka kwamba kadi iliyolowa haiungui kwa urahisi, kwa hiyo asubuhi za baada ya mvua huonekana kuwa na mawingu kuliko zilivyokuwa.

Hatua ya 3: Tenga vipindi visivyo na wingu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami nakusihi usiharakishe. Chagua saa ambazo mchoro wa vipimo hupanda na kushuka polepole bila kukatika, kisha ukadirie mwanga wa anga safi kwa kila kimo cha jua. Januari na Februari hutoa vipindi vingi; Julai, wingu zito la chini linapotanda tangu alfajiri, hutoa vichache mno. Baada ya hapo linganisha mifululizo miwili, wa siku zote na wa anga safi. Ikishuka yote kwa kiasi kilekile, chanzo ni chembechembe. Ukishuka wa siku zote peke yake, chanzo ni mawingu. Usianzie hesabu mwaka 1992, kwa sababu mlipuko wa volkano ya Pinatubo, Ufilipino, wa Juni 1991 ulififisha hata anga safi, na mwelekeo wako utaonekana kupanda isivyo halali.

Hata hivyo, utengano huu haukamiliki. Moshi huongeza idadi ya matone ndani ya wingu na kuyafanya madogo zaidi, hivyo wingu huwa jeupe na kurudisha mwanga mwingi juu. Sehemu unayoiita ya mawingu huenda imebeba pia mkono wa magari na majiko ya jiji.

Hatua ya 4: Linganisha kila mwezi na wastani wa mwezi huohuo. Mvua za vuli za 1997 na 2019 zilizidi sana kwa sababu ya joto la Bahari ya Hindi, kwa hiyo mfululizo unaoishia 2019 huweza kuonyesha upungufu usiodumu. Ondoa miaka hiyo, rudia hesabu, uone kama mwelekeo unabaki.

Hatua ya 5: Pima matokeo kwa takwimu za setilaiti za CERES, mradi wa NASA unaopima mionzi ya dunia, zinazoanzia mwaka 2000. Kisanduku kimoja cha takwimu hizo, cha nyuzi 1 ya latitudo na longitudo, kina upande wa kilomita 111 hivi, kwa hiyo huchanganya jiji, milima ya Ngong na Bonde la Ufa. Linganisha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka, wala si viwango vyenyewe.