Kagua mti kabla ya kuukata: mambo niliyojifunza kwenye mikorosho

Shamba langu liko Newala, nimepewa na mjomba. Mwaka wa kwanza niliangusha mninga mkavu uliosimama katikati ya mikorosho, maana niliuona kuni tu. Ulipoanguka, tundu lililozibwa kwa udongo likapasuka. Ndani alikuwamo hondohondo jike na makinda wawili wasio na hata unyoya. Mama mtu alishindwa kuruka, kwa kuwa manyoya ya mbawa yalikuwa yamenyonyoka. Dume akaja na tunda mdomoni, akatua kwenye mkorosho wa jirani, akabaki hapo nalo mpaka jua likazama. Tangu siku ile siinui shoka kabla ya kukagua.

Kukagua kwenyewe hakuna gharama. Nenda mara mbili, alfajiri na magharibi, ukae kimya chini ya mti kwa muda wa kuchemsha chai. Anza kutazama ardhini. Kokwa zilizogugunwa na vinyesi vinakuonyesha wanaokula hapo. Ukiokota vidonge vikavu vya manyoya vyenye mifupa ya panya ndani, ujue juu kuna bundi. Kwetu wengi wanamwogopa bundi, lakini mimi nalima karanga na mbaazi, na panya ndio wanaonimalizia mbegu. Mti wa bundi siugusi.

Kisha inua macho utafute matundu. Tundu lililokandikwa udongo, likabaki na ufa mwembamba, ni la hondohondo. Jike hujifungia humo, na dume humlisha kupitia ufa huo. Mara nyingi hutaga mvua zinapokaribia, wakati uleule tunaofyeka mashamba. Subiri mpaka wabomoe udongo wenyewe na kutoka. Ningekushauri mti mkavu wenye matundu usiukate kabisa: gogota anachimba, akihama wanaingia ndege wengine, nyuki au mijusi. Mkorosho mchanga hauna mashimo ya namna hiyo.

Mbuyu na mkuyu iache. Ua la mbuyu hufunguka jioni, popo wakaja usiku kunywa utamu wake, na komba pia. Wakitoka wamebeba chavua usoni kupeleka ua jingine. Bila wageni hao wa usiku, ubuyu hupati. Mkuyu nao huzaa hata miezi ambayo porini matunda mengine hakuna, ndiyo maana ninga na tumbili hawaupiti.

Sasa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Vijana wanachoma viota vyao kwa sababu wanauma wakati wa kuokota korosho. Wanauma kweli, lakini ndio walinzi wa shamba. Mbu wa mikorosho, mdudu ambaye si yule mbu anayeuma watu, hufyonza machipukizi na maua mpaka yakawa meusi na kukauka, na majimoto humwinda mbu huyo tawi kwa tawi. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara, wameifanyia kazi kinga hii, na mimi naiona kwa macho yangu: mikorosho yenye viota vingi huchanua vizuri zaidi.

Ukitaka kuwahamisha, tafuta mwembe au mchungwa wenye viota vingi. Fanya kazi alfajiri, kabla jua halijawachangamsha. Mimi hujipaka majivu mikononi mpaka kwenye viwiko, kisha nakata tawi pamoja na kiota na kukiingiza kwenye mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, uliooshwa vizuri. Chukua viota vingi vya mti mmoja, maana malkia yumo katika kimoja tu, na asipokuja naye, kundi halitadumu. Usichanganye viota vya makundi mawili, watauana. Vifunge kwenye mkorosho usio na majimoto wengine.

Kisha uunganishe mikorosho kwa kamba kutoka tawi hadi tawi. Wakilazimika kupita ardhini, chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa huwavamia. Ni kwa sababu hiyo siachi matawi ya chini yaguse udongo. Na dawa ya maji ya kuua wadudu usipulize kwenye miti hiyo, itawaua walinzi pamoja na mbu.

Mwezi wa sita, maua yanapoanza, pita kila mkorosho ukitazama ncha za machipukizi. Ukikuta zilizoungua nyeusi, fuata kamba ya mti huo uone imekatika wapi. Ikiwa imeshikilia vizuri na majimoto hawaji, hamisha viota vingine viwili alfajiri inayofuata, kutoka mti uleule wa mwanzo.