Boti ya Faiba Iliyotumika: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Uzito wa Mwendo na Kurushwarushwa

Boti iliyotumika ikishindwa kukimbia, lawama huangukia mashine kwanza, kwa sababu mashine ndiyo inayopiga kelele na fundi wake hakosekani. Nami nilianzia huko. Boti yangu ya faiba, yenye urefu wa mita 7 na mashine ya nguvu za farasi 40, niliinunua ikiwa imelala ufukweni Sahare, hapa Tanga, na kwa miezi miwili nilibadilisha plagi, nikafungua kabureta mara mbili na kununua filta mpya, huku mwendo ukibaki palepale. Ningalianza kwa kupima, ningaliokoa fedha nyingi.

Vipimo vinavyohitajika ni viwili, navyo vichukuliwe kwa pamoja: mwendo wa boti na mizunguko ya mashine kwa dakika. Mwendo utausoma katika simu yenye GPS. Mizunguko utaipata kwa kipima mizunguko kidogo ambacho waya wake huviringishwa juu ya waya wa plagi. Fanya jaribio asubuhi kabla ya upepo kuamka, ndani ya ghuba, kwa mfano kati ya soko la samaki la Deep Sea na kisiwa cha Toten, uende na kurudi kwa njia ileile kisha uchukue wastani, kwa maana maji ya bamvua hapa Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake unaweza kukuongezea au kukupunguzia mwendo bila wewe kuhisi. Beba watu wawili na mafuta kiasi, vaeni maboya, na kamba ya kuzima mashine ifungwe mkononi mwa nahodha.

Sasa linganisha. Propela huchongwa namba mbili: upana wake, na umbali kwa inchi ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja lau ingekuwa parafujo inayoingia kwenye mbao. Tuseme umbali huo ni inchi 12, gia inapunguza mizunguko kwa nusu, na mashine inafika mizunguko 5,000. Propela itazunguka mara 2,500 kwa dakika, na kwa hesabu tupu boti ingekwenda kilomita 46 kwa saa. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya mwendo hupotea. Boti nyepesi inayoteleza juu ya maji ikipoteza asilimia 10 hadi 20 haina tatizo, na boti ya kazi iliyobeba nyavu na barafu hupoteza zaidi.

Ikiwa mashine inafika 5,000 lakini boti inakwenda kilomita 25 tu, mashine ni nzima na nguvu inapotelea njiani. Tazama kwanza mpira ulio ndani ya kitovu cha propela, ambao kazi yake ni kuachia propela inapogonga mwamba. Ukizeeka huachia hata kwenye maji matupu. Piga mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye mwili wa propela, endesha kwa nguvu, kisha angalia kama mstari umekatika. Mpira ukiwa salama, chunguza kimo cha mashine. Bapa lililolala juu ya propela linatakiwa kuwa usawa wa tumbo la boti, au kulipita kwa sentimita chache tu kwenda chini. Likiwa juu mno, propela huvuta hewa, mashine hulia ghafla na boti hulegea, hasa kwenye kona.

Ikiwa mizunguko yenyewe inaishia 3,900, ilhali mtengenezaji ameandika kuwa moto (mkono wa kuongeza mwendo) ukifunguliwa wote ifike kati ya 4,500 na 5,500, basi ama mashine ni dhaifu ama mzigo umeizidi. Kabla ya kufungua chochote, zima mashine, sukuma mkono wa moto hadi mwisho na uangalie kama kabureta imefunguka kabisa, kwa kuwa kebo iliyolegea imewatajirisha mafundi wengi. Hakikisha pia tundu la hewa la kifuniko cha tangi liko wazi, na ubonyeze balbu ya mafuta (kile kipira cha kusukumia mafuta kwa mkono) wakati boti ikikimbia: mwendo ukiongezeka, mafuta hayafiki ipasavyo. Baada ya hapo pima mgandamizo wa silinda. Namba zinazokaribiana zinatia moyo. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna kazi ndani.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuazima mashine ya jirani ambayo kila mtu anajua inavyokimbia, yenye nguvu na propela kama zako, na kuifunga kwenye boti yako kwa nusu saa. Mimi nilifanya hivyo kwa kuchelewa. Mashine ya kuazima, iliyokuwa ikiipeleka boti ya mwenyewe kilomita 36, ilikwama kwenye 26 ilipofungwa kwangu, na hapo nikaacha kuzungumza habari za plagi: tatizo lilikuwa kwenye boti yenyewe.

Boti nyingi za faiba zina povu gumu la kuelea chini ya sakafu, na mihimili ya mbao iliyofunikwa kwa faiba. Maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, hupenya kupitia tundu la msumari au ufa, povu likanywa polepole, na hata ukikumba ngama hadi ikauke, maji yaliyo ndani ya povu hayatoki. Lita 200 ni kilo 200, yaani watu watatu wasiovua wala kupiga kasia. Itazame boti tupu ikiwa majini, uilinganishe na nyingine ya umbo lilelile. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikizama zaidi, shuku. Kisha gonga sakafu na ubao wa nyuma unaobeba mashine kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kwa mlio mkavu, palipooza hulia bubu. Mwisho toboa tundu moja dogo la sakafu, sehemu ya chini kabisa ya tezi. Kwangu yalitoka maji yenye harufu ya uozo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka kuamini. Kama unanunua, jaribio hili liombe kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayelikataa amekwisha kukujibu.

Mwenye mashua ya mbao yenye tumbo la duara asijisumbue na haya yote. Chombo cha aina hiyo hakipandi juu ya maji. Chenye mita 7 za urefu wa majini huishia takriban kilomita 12 kwa saa, na mashine kubwa zaidi itaongeza mawimbi na gharama ya petroli tu.

Kurushwarushwa kuna aina mbili. Omo, yaani sehemu ya mbele, ikipanda na kushuka kama pomboo hata bahari ikiwa shwari, mashine imeinamishwa nje kupita kiasi au uzito umejaa tezini. Sogeza pini ya mwinamo tundu moja kuelekea boti, ujaribu tena. Isipotulia, isubiri boti maji yakipwa, ulaze rula ndefu ya alumini chini ya tumbo, kwenye mita 1.5 za mwisho. Tumbo lililobinuka kwenda nje huleta kudunda huko, na lililobonyea kwenda ndani hulazimisha omo kuchimba maji na kupunguza mwendo. Aina ya pili ni kipigo cha wimbi tumboni, kinachosikika zaidi wakati wa kusi ukishapita kisiwa cha Ulenge. Tumbo bapa halibadiliki, lakini boksi la barafu likisogezwa mbele kidogo na mwendo ukipunguzwa, omo hukata wimbi badala ya kulikalia. Boksi langu lilihama sentimita 80, na hadi sasa halijarudi nyuma.